Mtaro wa Juu ya Bwawa

Kazi yangu ni kuchora mabwawa ya kuogelea katika nchi ambayo watu hupanga foleni na punda kungojea maji ya kunywa. Nikilisema hilo kwenye harusi au matanga, watu hucheka, kisha huangalia kando, nami huwaacha wacheke kwa sababu hata mimi ningecheka. Wanaoniita ni wenye nyumba za wageni kando ya barabara ya Mombasa, shule za kulipia zinazotaka wazazi waone maji ya buluu siku ya kuandikisha watoto, na makanisa. Ndiyo, makanisa. Kule Matinyani nilichorea kanisa moja bwawa la ubatizo, maana mto wao ulikuwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka na mchungaji alikuwa amechoka kuwakodia waumini lori wakatafute maji ya kuzama.

Watu hudhani bwawa ni shimo lililotiwa maji. Bwawa ni sanduku la saruji na nondo, zito kupita kiasi, na udongo ulio chini yake na kando yake haukai kimya hata siku moja. Pale Kibwezi kuna udongo mweusi unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka, nyufa ambazo unaweza kuingiza mkono hadi kiwiko. Mwenye nyumba moja ya wageni huko alinikasirikia nilipomwambia tuuchimbe wote, tuutupe, tulete murram, ule udongo wa changarawe.

"Madam," akaniambia, "mimi nimekuita unichoree swimming. Sijakuita unihamishie shamba."

Akatafuta mtu mwingine amjengee vile alivyotaka. Nilipopita huko baada ya misimu miwili, mbuzi walikuwa wamelala ndani ya lile bwawa, kwenye kivuli cha ukuta uliopinda. Sikufurahi. Au tuseme nilifurahi kidogo, nikaendelea na safari.

Mteremko nao una ubaya wake. Ukichimba ubavuni mwa kilima, upande wa juu unakuta jiwe na upande wa chini unakuta udongo. Jiwe halishuki, udongo unashuka, na sanduku lililokalia vyote viwili huvunjika katikati. Nimewaeleza watu hilo mpaka siku hizi nalieleza nikifikiria mambo mengine. Nasema haya ili ijulikane kwamba kaka yangu aliponipigia simu kuhusu bwawa lake, mimi sikuwa mgeni wa kazi hii.

Kaka yangu ni kifungua mimba na mimi ni kitinda mimba. Wale wa katikati hawakuishi. Aliondoka nyumbani, nje kidogo ya Kathonzweni, kabla mimi sijaanza shule, akaenda Mombasa, akaajiriwa kuokota taulo kwenye hoteli moja ya ufuoni. Alipanda pole pole hadi akakabidhiwa bwawa lote, maji yake, dawa zake na pampu zake. Nilikua nikimjua kama mtu wa Krismasi. Alikuja na halua na madafu na Kiswahili kilichopigwa pasi, akakaa siku chache, akarudi. Mama alimsindikiza hadi barabarani kila mara na kila mara alirudi na uso uleule.

Mama yangu hakuwahi kumwomba Mungu mvua, na kwetu hilo ni jambo la ajabu. Kanisani, mchungaji alipouliza nani ana ombi, wengine walisimama kuombea mvua, karo, mgongo. Mama alisimama na ombi moja tu, kwamba kijana wake arudi nyumbani. Watu walilijua ombi hilo kwa moyo. Kina mama wengine walikuwa wakisema amina kabla hajamaliza sentensi.

Halafu hoteli ikapunguza watu, naye akarudi. Mama alilia hadharani, jambo ambalo sikuwa nimemwona akilifanya hata tulipomzika baba. Kaka alisimama uani na begi lake, akatupigia methali ya pwani, kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hakuna aliyeelewa. Mama aliniuliza chini chini kama omo ni ile sabuni ya unga.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya furaha. Iliyofuata haikuwa. Mtu aliyezoea kuamka akaangalie maji ya buluu aliamka akaangalia mahindi yaliyokauka yakiwa na urefu wa magoti. Alilima msimu mmoja, mvua ikamchezea. Akaanza kukaa kwenye kiti nje ya nyumba akiwa amevaa shati lake jeupe la hotelini, akibonyeza simu. Alikuwa na rafiki Mombasa aliyeweza kumtafutia kazi ya ulinzi getini. Mama alisikia maongezi hayo ya simu kupitia dirishani, na nilipokuja kuwasalimu nilimkuta amepungua mwili. Aliniandalia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, yeye mwenyewe akala vijiko vichache akaweka sahani chini.

"Ataenda," akaniambia. Mama huongea Kikamba, na mimi namweka hapa kwa Kiswahili chetu cha huku, ila mwiitu wakwa, yaani binti yangu, na mwaitu, yaani mama, nayaacha yalivyo. "Huyu ataenda, mwiitu wakwa. Na sahii akienda, mimi nitakuwa nimeshakufa akirudi."

Wazo la bwawa lilikuwa la kaka. Aliona kwamba watu wa semina, wale wanaotoka mjini kujadiliana kuhusu wakulima, hawalali mahali pasipo na bwawa la kuogelea, ingawa hawaogelei. Wanataka kuliona tu wakinywa chai. Na shamba la baba liko ubavuni mwa kilima, limeangalia mbuga yote mpaka milima ya ng'ambo. Angejenga vyumba vichache vya wageni, jikoni moja, na bwawa ukingoni. Alinieleza hayo kwa simu kwa muda mrefu, kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka yalivyo.

"Sikiza, mdogo wangu. Hili likikubali, mimi nitazikwa hapa kando ya mzee. Likikataa, narudi Mombasa, na safari hii msinitazamie tena."

Nikamwambia ninakuja.

Lazima nieleze lile shamba. Limekatwa matuta kutoka juu hadi chini, na matuta hayo yalichimbwa na mama na wenzake. Kwetu kazi kama hiyo ni ya mwethya, kikundi cha majirani, wengi wao wanawake, wanaokwenda shamba hadi shamba wakichimba kwa zamu na kuimba. Wanachimba mtaro unaokata mteremko, na udongo wanaoutoa wanautupa juu, si chini. Udongo huo unakuwa ukingo. Miaka ikipita, ardhi iliyo nyuma ya ukingo inajaa na kulala sawa. Mvua ikinyesha, maji yanakamatwa mtaroni, yanakaa, yanazama taratibu kwenye shamba lako. Mimi utotoni nilikuwa wa kuwapelekea uji, na mgongo wa mama ninaoukumbuka ni ule ulioinama, jembe likipanda na udongo ukirushwa juu ya bega.

Kwa hiyo huku kwetu mvua ikianza, mtu haingii ndani. Anachukua jembe anatoka nje. Anazunguka mitaro yake akiziba hapa, akiinua pale, analowa chepechepe, na akiona tone linatoroka anaumia. Mkulima ambaye maji yake yanaenda korongoni anasemwa kama mtu anayefungulia mbuzi wake wakalale kwa jirani. Wanaume wamenyimwa wachumba kwa sababu ya mitaro mibovu. Mimi nililijua hilo kama ninavyojua kuosha mikono.

Nilipofika nilichimbisha mashimo ya kupima udongo kwenye tuta ambalo kaka alilichagua. Upande wa juu, jiwe lilikuwa karibu, unalifikia kabla jasho halijatoka. Upande wa chini, hakukuwa na jiwe. Ulikuwa ni ule udongo uliorushwa na mama na wenzake, laini, mwekundu, mzuri kwa ndengu na mbaya kwa kila kitu ninachokifanya mimi. Na chini kabisa, pale udongo unapokutana na jiwe, palikuwa na tabaka jembamba la udongo wa kijivu. Nililisugua kwa kidole gumba likateleza na kung'aa kama kipande cha sabuni. Likikaa kavu, litashika. Likilowa, kila kilicho juu yake kitataka kwenda korongoni.

Nikamwambia kaka tulirudishe bwawa nyuma, tulikate lote ndani ya jiwe, lilale salama. Akakataa. Hotelini kwake kulikuwa na bwawa ambalo ukingo wake hauonekani, maji yanaishia hewani, na hilo ndilo alilokuwa amelibeba kichwani miaka yote.

"Mgeni akiingia aone maji, halafu aone mbingu, katikati kusiwe na kitu," akasema.

"Katikati kuna mteremko," nikamwambia. "Na kuna mimi nitakayeulizwa."

Tulibishana hadi chai ikapoa. Mimi nina hasira za karibu, na yeye ana ile sauti ya upole ya watu wa hoteli inayokufanya uonekane wewe ndiye mkorofi. Mwishowe mama akatoa kichwa jikoni.

"Mfanyie ndugu yako kile anataka," akaniambia. "Wewe si ulisomea hiyo?"

Basi nikachora. Na nilichora vizuri, sitaki kujishusha. Upande wa juu wa bwawa ulikaa kwenye jiwe. Upande wa chini niliusimamisha juu ya nguzo zilizopita ule udongo laini na ule wa kijivu zikaingia kwenye jiwe, zikafungwa pamoja kwa boriti. Chini ya sakafu nikalaza kokoto na mabomba yenye matundu ili maji yoyote yatakayopenya yapate njia ya kutokea. Na juu ya bwawa nikaweka kitu ambacho hakuna mgeni angekiona: mtaro wa mawe na saruji, wa kupokea maji ya mvua kutoka kwenye mtaro wa zamani wa tuta la juu na kuyazungusha hadi korongoni. Nguzo zile zilikuwa za kubeba uzito, hazikuwa za kuzuia kilima kizima kilicholowa. Nilimwambia kaka na mafundi, nikarudia, kwamba huo mtaro ndio roho ya kazi yote. Ardhi ikikaa kavu, bwawa litasimama.

Ili mtaro mpya ufanye kazi, ilibidi tuukate mdomo mtaro wa mama. Nilimwendea mwenyewe kumweleza. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akichagua ndengu kwenye ungo.

"Mwaitu, ule mtaro wa juu tumeufungua. Maji yake sasa yataenda korongoni. Tafadhali usiuzibe."

"Maji yaende korongoni," akasema.

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote, Mwaitu. Yakikaa hapo juu, yataharibu hii kazi."

Alipuliza maganda kwenye ungo. "Sawa," akasema.

Sawa ya mama yangu ina maana nyingi, na nilichukua ile iliyonifaa.

Ujenzi ulikwenda. Siku bwawa lilipojazwa kwa malori ya maji, majirani walikuja kuangalia wakasimama mbali kidogo kama watu waliokuja kuona ajali. Kaka alikuwa amevaa shati lake jeupe. Alizunguka ukingo mzima akipima maji kwa kale kachupa kake ka dawa, akichungulia rangi, akitabasamu peke yake. Mama alivua viatu akaketi ukingoni akatumbukiza miguu, akaitoa haraka, akairudisha. Mbele yake maji yaliishia hewani na mbuga ikaanzia hapo, bila kitu katikati. Niliona fahari, na niliona furaha ambayo sikuitegemea. Nilifikiri kwamba hii ndiyo kazi niliyosomea na sikujua.

Jumapili hiyo mama hakusimama na ombi. Alisimama na ushuhuda. Alisema kijana wake amerudi na hana tena sababu ya kuondoka, na kanisa zima likapiga vigelegele. Watu wa semina wakaja. Hawakuogelea, kama kaka alivyosema. Walipiga picha, wakanywa chai, wakajadili wakulima.

Mvua ya Novemba ilipoanza nilikuwa kazini upande wa Kitui. Kaka alinipigia simu akaielekeza kwenye mtaro ili nisikie. "Sikiza! Sikiza yanavyokwenda!" Nilisikia maji yakikimbia juu ya saruji, na hiyo kwangu ni sauti tamu kuliko kwaya. Nililala vizuri msimu ule. Mvua ilipokatika katikati, kama inavyokatika kila mara huku, sikulifikiria bwawa hata kidogo.

Kilichotokea wakati huo niliambiwa na mama mwenyewe baadaye. Kanisani wanawake wenzake, wale wa mwethya ambao bado wako hai, walimsalimia wakimcheka kidogo. Walimwambia wamesikia kwake wameshiba maji mpaka wanayamwaga. Mmoja akasema labda watoto wakisoma sana mvua inanyesha kwa simu. Utani tu, na mama naye ni mtani. Lakini alirudi nyumbani akapanda hadi tuta la juu, akakuta ndengu zimeanza kukunja majani na miembe inadondosha maua, na chini yake mtaro wake mwenyewe mtupu, umekauka. Mvua iliporudi, akatoka na jembe.

Kaka alinipigia simu mara ya pili akiwa na sauti nyingine. "Maji yanapungua," akasema. "Na kuna mstari."

Nilipofika, mstari ulikuwa mwembamba kama unywele, umekata sakafu ya bwawa kutoka ukuta hadi ukuta, pale hasa ambapo jiwe linaishia. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Nikaagiza pampu tulitoe maji, na tulipokuwa tunaihangaikia, ule mstari ukawa ufa. Sasa maji ya bwawa lenyewe yalikuwa yanakwenda chini, yanalowesha udongo uleule uliokuwa unalifukuza. Hapo hakuna pampu inayosaidia. Muda mfupi baada ya saa sita tulisikia mlio, si mkubwa, kama mtu anayeburuta kabati sakafuni. Ukingo wa mbele, ule usioonekana, ulishuka upande mmoja. Maji yakamwagika kwenye matuta ya chini yote kwa pamoja. Nilipochungulia chini ya sakafu niliona nguzo zangu zimeinama, zote zimeelekea korongoni.

Kaka hakupiga kelele. Alisimama na kale kachupa mkononi.

Nilipanda juu kuangalia mtaro. Nilidhani nitakuta saruji imepasuka au mawe yameporomoka ndani. Mtaro wangu ulikuwa mzima, msafi, na hauna maji ya kukimbia. Katika mvua ile. Niliufuata nyuma hadi unapokutana na mtaro wa mama, na hapo nikakuta ukingo.

Sijawahi kuona kazi nzuri kama ile. Mawe yalikuwa yamepangwa chini, makubwa kwanza na madogo kwenye nafasi. Juu yake udongo ulioshindiliwa kwa miguu, na juu ya udongo majani ya kuushikilia, yamepandwa mawili mawili, yameinamia kilima, na yalikuwa yameshachipua. Nyuma ya ukingo maji yalikuwa yamejaa pomoni, mekundu, yametulia. Yalikuwa yakizama taratibu kwenye kilima, kama yalivyofundishwa. Huo upandaji wa mawili mawili ni wa mtu mmoja tu katika dunia hii.

Mama alinijia nyuma akiwa na jembe begani, kanga imelowa, gambuti zimejaa matope. Alikuwa amechangamka kuliko nilivyomwona kwa miaka mingi.

"Umeona?" akaniambia. "Hata tone halitoki."

"Mwaitu. Nilikuambia usiuzibe."

"Uliniambia. Na mvua ya kwanza niliuacha. Nikasema, mwiitu wangu amesoma, pengine anajua." Aliweka jembe chini akaliegemea. "Lakini nilisimama hapa nikaona maji inaenda. Inaenda tu, hakuna mtu anaishika. Nikashindwa. Hiyo maji si yangu, mimi nimezeeka. Ni ya kijana wangu. Hiyo swimming iko na maji yake ya lori. Lakini siku atataka kupanda, atapata shamba liko na maji, hatasema huku ni kukavu aende."

Mvua ilikuwa ikitupiga.  Nimegombana na wakandarasi wenye vifua vikubwa, na pale mbele ya mama yangu nilijifuta mvua usoni tu.

"Na nimesikia kitu kikilia huko chini," akasema. "Ni swimming? Imefanya nini?"

"Imepasuka."

"Wũi!" Alishika mdomo. "Kwa nini?"

Kama kuna wakati wa kusema, ulikuwa huo. Niliangalia mikono yake kwenye mpini. Nilifikiria miaka yote ya kusimama kanisani. Mtu hawezi kumwambia mama yake kwamba kwa jembe lake mwenyewe amemfukuza mtoto aliyemwombea, na kwamba alifanya hivyo akimwandalia mahali pa kukaa. Pengine wapo wanaoweza. Mimi siwezi.

"Ni udongo, Mwaitu," nikasema. "Udongo wa hapa ni mbaya."

"Udongo wa hapa ni mzuri," akasema, kidogo kwa ukali.

Nilipoteremka, kaka aliniuliza swali moja.

"Mtaro uko sawa?"

"Mtaro uko sawa."

Aliangalia zile nguzo zilizoinama. "Basi ni hesabu zako," akasema.

Nilinyamaza, naye akachukua kunyamaza kwangu kuwa ndiyo. Ningemwambia ukweli, angeondoka na hasira juu ya mama, na mama hana miaka ya kungojea hasira ipoe. Juu yangu anaweza kukaa nayo anavyotaka. Inaniuma, sitasema hainiumi. Nimechora mabwawa mengi kwenye udongo mbaya na yanashika maji mpaka leo, na ndugu yangu wa pekee anaamini kwamba lile lake ndilo nililolikosea.

Niliufungua ule ukingo kesho yake kwa mikono yangu, ingawa maji yalikuwa yameshamwagika na hayazoleki. Mama aliniangalia kutoka mlangoni. Nilipokuja mara iliyofuata nilikuta ameuziba tena, na ameongeza majani.

Kulijenga bwawa upya kusingewezekana. Ingebidi tulivunje lote, tuondoe udongo hadi kwenye jiwe, tujenge ukuta wa kuzuia kilima, na kaka alikuwa ameshaweka kwenye lile bwawa kila alichopewa na hoteli alipoachishwa. Watu wa semina walipata mahali pengine penye maji ya buluu. Vyumba vikabaki na vitanda vilivyotandikwa. Kaka aliwangojea wageni hadi wakati wa mavuno, kisha akatoka na begi lilelile alilokuja nalo. Alinipa mkono wa kwaheri kama mtu anayeagana na karani wa ofisini. Mama alimsindikiza hadi barabarani, akarudi na ule uso ninaoujua.

Sasa analinda geti huko Mombasa. Humpigia mama simu Jumapili jioni. Kwangu hapigi, na nikipiga mimi huwa yuko kazini.

Ndengu za tuta la juu zilifanya vizuri mwaka ule, na miembe ilizaa mpaka matawi yakaegemezwa miti. Nikienda nyumbani mama hunipa gunia dogo la ndengu nirudi nalo. Husema zimetokana na maji ya mtaroni. Nami huzichukua, nikazipika, nikazila.

Na kanisani amerudi kusimama. Mara ya mwisho nilikuwa nimeketi kando yake. Mchungaji aliuliza nani ana ombi, naye akainuka akishika kiti cha mbele, akaomba kijana wake arudi nyumbani. Kina mama wakaanza kusema amina, lakini safari hii hakuwa amemaliza. "Na kama kuna kitu nilimkosea," akasema, "Mungu anionyeshe." Kanisa lote likasema amina. Mimi pia nilisema amina, nikiwa nimeinamisha kichwa. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na viatu vyake vya kanisani vilikuwa na udongo mwekundu, kwa sababu alipitia mtaroni kwanza.